Kueleza usanifu wa taasisi? Anzeni na netiboli

Usanifu wa taasisi ni kupanga kazi, taarifa na mifumo ya ofisi ili viendane. Waonyesheni wakuu wa vitengo mchoro wa TOGAF (mwongozo wa kufanya usanifu huo kwa awamu) na maduara yake, awamu ya A hadi H, na haipiti muda kila mmoja keshashika simu yake. Mchezo husaidia, ila wengi hukimbilia soka. Soka peke yake linapotosha: beki anaweza kupanda akafunga, na refa hana neno. Mifumo ya ofisi haiendi hivyo.

Netiboli iko karibu zaidi. Wachezaji ni 7, kila mmoja na herufi zake kwenye fulana, na uwanja umegawanywa sehemu tatu. Mwenye C (senta) huzunguka sehemu zote, lakini kwenye nusu duara za magoli haingii. Wanaofunga ni GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji) tu. Ukivuka mpaka wako, filimbi inalia hata kama mpira hukuugusa.

Sasa chukueni ununuzi wa karafuu Pemba. Choreni uwanja ubaoni: sehemu ya kwanza kupokea na kupima, ya pili daraja la ubora na bei, ya tatu malipo. Mpira ni taarifa za mkulima: jina, kilo, daraja. Mpimaji anaandika kilo, bei haimhusu. Mlipaji ndiye GS. Analipa, lakini kilo habadilishi. Sheria ya netiboli inakataza kurusha mpira ukaivuka sehemu nzima bila kuguswa, basi na malipo yasitoke kabla ya daraja kuandikwa. Mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3. Ulizeni hapo karatasi inalala meza gani, na kwa muda gani.

Kisha ulizeni nani C, yaani anayezunguka sehemu zote. Mjadala utawaka, na uacheni uwake. Mkikuta C ni karani anayenakili kilo zilezile kutoka daftari hadi kompyuta, mmeshapata mahali ambapo mifumo haizungumzi.

Seva msizichore mapema. Fuateni awamu za TOGAF: kazi kwanza (awamu B), halafu data na programu (awamu C), mitambo mwisho (awamu D). Mkianza na mitambo, kikao kitageuka cha bajeti.

Soka lina nafasi yake kwenye mpango wa mabadiliko, awamu E na F: kikosi kilichopo, kikosi kinachotakiwa, pengo, ndipo usajili. Ofisi inayonunua programu kabla ya hapo imesajili mastraika watatu na hakuna winga wa kuwapigia krosi. Kikosi chote pia hakibadilishwi kwa mkupuo. Mfumo mpya wa mizani usiwashwe mavuno yakiwa yamepamba moto.

Neno mpinzani likatazeni kabisa. Likiingia, kitengo cha fedha kitaanza kuitwa hivyo, pengine hata mkulima.

Kabla watu hawajaondoka, hamisheni ubao kwenye jedwali la safu tatu: herufi, taarifa anazoziandika, taarifa anazozisoma tu. Palipo na herufi mbili zinazoandika kilo, chagueni moja hapohapo, wenyewe wakiwapo.