Digrii si lazima

Dada, umeuliza kama ni lazima uwe na digrii ndipo usaidie wagonjwa wa akili mtaani. La, si lazima. Ila ukitaka kujiita mshauri nasaha na kulipisha watu, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 hapa Kenya inakutaka usajiliwe na bodi yao, na hapo cheti cha wiki mbili hakikufikishi mbali. Lakini kusaidia bila digrii kunawezekana: kule Zimbabwe, tangu 2006, wamewafunza kina nyanya wasio na taaluma ya tiba. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja moja.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Likoni, Mombasa. Juzi mama mmoja alinitolea dawa za mwanawe kabatini, pakiti mbili hazijafunguliwa, kijana aliacha kwa sababu zinamlaza mchana kutwa. Sikubadilisha kipimo, si kazi yangu. Niliwasindikiza hadi hospitali ya Port Reitz wakamweleze daktari. Mafunzo mazuri hukufunza kusikiliza hivyo na kujua mpaka wako.

Usilipe karo kabla hujahakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, tafadhali.