Kuitafuta brunost Marekani, na jibini nyingine za Norwei zinazostahili kutafutwa

Ndugu yetu aliyehamia Minneapolis baada ya masomo yake Oslo ameuliza atapata wapi brunost, ile jibini ya kahawia aliyozoea kuila asubuhi, na kama kuna jibini nyingine za Norwei za kutafuta akiwa mbali. Mimi nilisomea mambo ya maziwa katika chuo cha kilimo cha Ås, huko Norwei, na sasa naishi Minnesota, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Anayeambiwa tu aende dukani mara nyingi hurudi na jibini ambayo siyo.

Brunost haitokani na mgando wa maziwa kama jibini nyingine, bali na maji yanayobaki mgando ukishaondolewa. Maji hayo huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na maziwa na malai, huku yakikorogwa bila kuachwa, kama anayesonga halua, mpaka sukari ya maziwa inapoiva na kuwa ya kahawia na chungu kizima kimekuwa rojo zito. Hata likiepuliwa, rojo hilo huendelea kukorogwa linapopoa, la sivyo sukari hujiunda chembechembe na mlaji akahisi mchanga mdomoni. Utamu wake wote hutoka humo, kwani hakuna sukari inayoongezwa. Wengi wetu matumbo yetu hayaelewani na sukari ya maziwa, na brunost imejaa sukari hiyo hiyo, basi anayesumbuliwa na maziwa aanze na kipande kidogo.

Ile uliyoizoea huenda ni Gudbrandsdalsost, yenye maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi. Asili yake ni mwaka 1863, pale Anne Hov, mwanamke wa bonde la Gudbrandsdalen, alipotia malai katika maji ya jibini yaliyokuwa yakichemka, na biashara iliyofuata ikawanusuru wakulima wa bonde lile wakati bei ya nafaka ilipoanguka. Mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 87, alipewa nishani ya mfalme kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu alistahili kuipewa mapema zaidi. Mbali na hiyo kuna Ekte Geitost, ya maziwa ya mbuzi peke yake, ambayo ukali wake hupanda hadi puani, na Fløtemysost, ya ng'ombe tu, iliyo laini na inayowafaa watoto.

Hapa Marekani usitafute neno brunost kwenye pakiti, maana mara nyingi hulioni. Gudbrandsdalsost huuzwa kwa jina la Ski Queen, katika pakiti nyekundu ya mraba, na chini yake huandikwa “gjetost”, yaani jibini ya mbuzi. Maduka makubwa yenye sehemu nzuri ya jibini huwa nayo, lakini haiwekwi penye cheddar. Iulizie kwenye friji ya jibini za nje, ambako mara nyingi hujificha nyuma ya zile za Ufaransa. Kwa wewe uliye Minneapolis safari ni fupi zaidi: nenda Ingebretsen's, Lake Street, duka la vyakula vya Skandinavia lililofunguliwa mwaka 1921, ambako wahudumu wanajua unachokisema na hawakutazami kwa mshangao. Pakiti ukishaifungua, ifunge vizuri kila unapomaliza kukata, kwa sababu ikipata hewa hukauka na kupasuka pembeni.

Jarlsberg utaiona kila mahali, na ni jibini njema, yenye matundu na utamu wa karanga, iliyobuniwa palepale Ås katika miaka ya 1950 na Profesa Ole Martin Ystgaard na wenzake. Ila usiilipie bei ya juu kwa kudhani imevuka bahari kutoka Norwei. Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi Desemba 2015 uliamua kufuta ruzuku za kusafirisha mazao ya kilimo nje ya nchi, Norwei ikapewa muda hadi mwisho wa 2020, na hivyo sehemu kubwa ya Jarlsberg ya masoko ya nje sasa hutengenezwa Ireland na katika jimbo la Ohio.

Jibini ninayoiona kuwa hasa ya Norwei ni gamalost, ya Vik, katika eneo la Sogn. Hutengenezwa kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta na kuachwa yachachuke yenyewe, bila kimeng'enya cha kugandishia, kisha ukungu huachiwa uivishe. Mafuta yake ni takriban asilimia 1 tu, na protini karibu nusu ya uzito wake. Ukiikata utaona ndani kahawia isiyo sawasawa, inayomeguka chini ya kisu, na harufu yake hukutangulia mezani. Ipake juu ya mkate mkavu uliotiwa siagi nyingi pamoja na jemu ya matunda ya porini, na uipe nafasi ya pili kabla ya kuihukumu. Hiyo sijaiona dukani hapa.

Kuhusu kula brunost yenyewe, jambo moja silikubali kabisa, nalo ni kuikata mapande manene. Tafuta ostehøvel, kile kikatio kama randa ambacho Thor Bjørklund, seremala wa Lillehammer, alikipatia hataza mwaka 1925. Ukikivuta taratibu juu ya jibini iliyotoka kwenye friji, hutoka utepe mwembamba unaojikunja wenyewe. Uweke juu ya wafo (waffle) ya moto iliyopakwa jemu, na kabla hujafika mezani kingo zake zitakuwa zimeanza kulainika. Kipande kidogo pia huyeyushwa katika mchuzi wa nyama ya kulungu, na mimi hufanya hivyo hata kwa nyama ya ng'ombe.

Ukipata mtu anayekuja kutoka Norwei, mwagize. Jibini ngumu za matumizi ya nyumbani huruhusiwa kuingia Marekani mradi azitaje kwa maofisa wa forodha, na ni vizuri zibaki katika pakiti zake za dukani. Aje na Ekte Geitost na gamalost, hii ya pili ikiwa imefungwa mara mbili, mbali na nguo zake.