Siku ya kwanza kuwinda bata pwani

Ndugu, umeuliza utoke saa ngapi na ukae vipi na wenzako ukienda kuwinda bata mwitu kwenye matope ya pwani huko Uingereza. Uwe umeshajificha kama saa nzima kabla jua halijachomoza, maana bata wanaanza kuruka mwanga ukiingia tu, na ukichelewa ukapita na tochi mbele ya watu walioamka saa nane usiku umewaharibia asubuhi yote, bora usubiri nyuma wamalize.

Ila kubwa ni maji. Soma jedwali la kujaa na kupwa kabla hujatoka nyumbani, hasa siku za bamvua, maji yakijaa sana, mi nimeona hori (mfereji wa maji ya bahari kwenye matope) la maji ya kifundo likafika kiunoni mtu bado anawaza arudi au abaki, maana yanakuja nyuma yako kupitia mahori wakati we unaangalia bahari. Beba dira, ukungu ukishuka huoni kitu, na mtu ajue utarudi saa ngapi.

Usibanane na mwenzako, mpe mita 150 au zaidi. Bata akiwa mbali kupita mita 35 mwache, utamjeruhi bure na kufukuza waliokuwa wanamshukia jirani. Marisau (vigololi vya bunduki) ya madini ya risasi marufuku, tumia ya chuma. Maganda ya risasi ulizopiga okota yote, hata yasiyo yako.

Msimu wa ufukweni England ni 1 Septemba mpaka 20 Februari, kibali omba kwenye klabu ya eneo hilo, na mara ya kwanza nenda na mzoefu, bunduki iache.