Mteja Anataka Hela Zake: Maswali Yenu ya Mitumba ya Mtandaoni

Mwezi huu maswali ya mitumba yamezidi yote, Malindi na Lamu watu wanauza kwenye stetasi ya WhatsApp, wengine Facebook, wengine wanaingia laivu TikTok beli la nguo linafunguliwa pale pale watu wanazipigania mbele ya kamera, na ugomvi nao umekua. Nimechukua manne. La kwanza nitalikalia sana manake ndani yake mna karibu kila kitu.

"Asalamu alaykum. Mie nauza magauni ya mtumba hapa Maweni, Malindi. Kuna mama wa Lamu alipenda gauni la kitani jeupe, lebo 44, akatuma 1,200 ya gauni na 300 ya usafiri. Lilipofika akasema halipiti hata mabegani na kwapani lina doa. Mie niliandika wazi kabisa kwamba mali ikishatoka hairudishwi. Sasa ameichukua namba yangu ameipeleka kwenye grupu la kina mama eti mie mwizi. Nimrudishie ama nimbloki tu yaishe? – Dada wa Maweni"

Waalaykumu salaam dadangu. Usimbloki. Ukimbloki sasa hivi utakuwa umemthibitishia kila mtu kwenye lile grupu kwamba alosema yule mama ni kweli, na wewe najua si mwizi, mwizi haandiki barua kuuliza arudishe hela ama asirudishe.

Lakini picha ulizonitumia nimezitazama moja moja na nitakwambia nilichokiona. Ya kwanza gauni limetundikwa msumarini, ni usiku, taa ya manjano, mikono imeanguka imefunika kwapa zote mbili. Ya pili ni kola. Ya tatu ni lebo. Basi, hakuna nyingine, kwapa halionekani popote. Halafu nikatazama picha aloipiga yeye mchana barazani, doa lipo, rangi ya chai, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, ni jasho la zamani lile lishakula uzi. Kwenye kitani cheupe taa ya manjano inalimeza doa kama hilo lote, hata wewe yawezekana hukuliona, nakuamini, lakini mteja yeye angelijua vipi?

Na hiyo 44 ndo iloharibu kabisa. Lebo ni ya Kitaliano. 44 ya Italia ni sawa na 12 ya Uingereza, 8 ya Marekani, 40 ya Ufaransa, 38 ya Ujerumani. Hapa Malindi Wataliano tumekaa nao miaka na lebo zao twazijua, lakini yule mama wa Lamu aliposoma 44 alijua ni gauni la mtu mzima mwenye mwili wake, na ndo mana akatuma hela bila kuuliza swali la pili. Wewe uliandika "saizi 44" ukaishia hapo.

Sasa kuhusu hayo maneno ya mali hairudishwi, wauzaji wengi mnayaona ni kinga na si kinga. Yanakulinda mteja akibadilisha mawazo tu, kaona rangi nyingine kaipenda, ama mume kamwambia gauni halijampendeza. Hayakulindi kama kitu alichopokea sicho ulichomwelezea. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, ile Sura ya 31, inasema ukiuza kitu kwa maelezo basi kitu lazima kilingane na maelezo, na mtandaoni kila kitu kinauzwa kwa maelezo manake mteja hajakishika. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, hiyo inahesabu kuwa ni udanganyifu kusema bidhaa ina sifa ambayo haina ama ni mpya na si mpya. Mtumba kuwa mtumba si kosa, kila mtu anajua ni nguo ilovaliwa, kosa ni kasoro uloijua ama ungeiona ukitazama na hukuisema.

Yule mama naye hakufanya vizuri, hilo nalisema wazi. Kumuita mtu mwizi mbele ya watu kabla hujampa hata siku moja ya kujibu ni kumvunjia heshima, na heshima ya mfanyabiashara ndo duka lake. Lakini usiende kujibizana naye kwenye grupu. Ukiingia mle kila mtu atatia neno lake na mambo ya gauni yataisha muanze mambo ya ukoo. Mwandikie yeye peke yake, tena maandishi si sauti, ili yabaki. Kitu kama hiki:

"Asalamu alaykum mamangu. Picha ya doa nimeiona na samahani sana, sikulionyesha. Lebo pia ni ya Italia na sikueleza. Nakuomba unirudishie gauni kwa basi, nauli ya kurudi nalipa mie, likifika tu siku hiyo hiyo nakutumia 1,500 yako. Kama kuna msichana hapo nyumbani linamtosha na ungependa libaki, nitakurudishia 600. Chagua linalokufaa, na nitashukuru ukiwaeleza wenzetu kwenye grupu kwamba tumeelewana."

Angalia huo ujumbe una nini. Unakubali kosa lako kwa jina lake, hauzunguki. Unasema hela ngapi na lini. Na hela inatoka gauni likishafika, si kabla, manake kuna watu wakishapata hela gauni lenyewe hulioni tena. Hiyo 300 ya kwenda mie naona umrudishie nayo, saizi na doa yote mawili yametoka upande wako. Njia ya kupunguziana ndo inamaliza kesi nyingi za Lamu, sababu mzigo kutoka kule si mchezo, unatoka kisiwani na boti mpaka Mokowe, hapo ndo uingie basi, ukija kupiga hesabu ya nauli na usumbufu wote wawili mnaona bora libaki huko huko kwa bei nyingine. Likipokelewa Malindi lifungue mbele ya mtu wa afisi ya basi upige picha.

Na kuanzia leo lebo isiwe ndo saizi yako. Tandaza nguo mezani, nyoosha bila kuvuta, chukua tepu ya fundi upime kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani mpaka pindoni. Andika kwa inchi, useme kwamba ni nguo imelazwa, manake wengine wanasoma kwapa hadi kwapa 19 wanaona ni kifua cha 19 wakati kifua ni 38. Mwambie mteja achukue gauni lake linalomkaa vizuri alipime vile vile kisha afananishe. Hapo ugomvi wa saizi unakwisha karibu wote. Picha piga asubuhi, nje, kivulini, jua kali linafuta rangi. Kwapa, kola kwa ndani, zipu ikiwa imefunguliwa na ikiwa imefungwa, pindo, na kasoro yoyote uiwekee kidole pembeni ionekane. Doa uliloonyesha mwenyewe halina kesi, mtu akilinunua kalinunua na macho yake.

Harufu pia. Pwani hii unyevu ni mwingi, beli likikaa chumbani wiki mbili mvua zikinyesha nguo zinashika ukungu, halafu mtu anazifukiza udi anatuma. Udi ukishapoa harufu ya ukungu inarudi na mteja anaona amedanganywa. Fua, anika juani, ndo ufukize ukitaka, na umwambie mteja umefukiza, kuna watu wana pumu na moshi wa udi hawauwezi.

"Kaka, mie nauza suti na mashati ya harusi. Mteja alichukua koti Alhamisi, Jumatatu akalirudisha anasema limembana. Kola imenuka mafuta mazuri na mkononi kuna alama ya hina. Anataka hela yote. Nifanyeje? – Kijana wa Majengo, Malindi"

Huyu alilivaa akaenda nalo harusini, kakangu, hapo hakuna la kuzunguka. Hela yote usirudishe. Lakini usimwambie "wewe muongo", hata kama roho inakuwaka, mwonyeshe koti lenyewe. Mpigie picha ya kola na ya hina uiweke sambamba na picha yako ya kabla hujatuma, umwambie kwa upole kwamba koti limerudi si kama lilivyotoka, na kwa hiyo haliwezi kurudishwa. Kama ni mteja wako wa siku nyingi na unataka kumbakisha, mpe punguzo kwa nguo nyingine, lakini hilo ni hisani yako, halimo kwenye haki yake.

Shida hapo ni kwamba hukuwa na masharti ya kurudisha, yani ulimwachia wikendi nzima. Weka muda, saa 24 tangu apokee, na kwa nguo za sherehe mie ningeweka muda wa kujaribu tu, boda anasubiri mlangoni dakika chache mteja avae, akiridhika alipe. Hapa mjini Malindi inawezekana bila tabu. Kwa wa mbali, shona kikaratasi chenye sahihi yako na uzi mwekundu pale shingoni kwa nyuma ambapo ukivaa kitaonekana, uandike "kikikatwa hairudishwi", na ukipige picha. Mtu hawezi kwenda harusini na karatasi inaninginia mgongoni. Sharti ulitume kabla hajalipa na yeye ajibu "sawa", hiyo "sawa" yake ndo mkataba.

"Nilipokea hela M-Pesa nikampa boda mzigo, baada ya nusu saa mteja akaomba zirudishwe eti alikosea namba. Inawezekana kweli? – Muuza viatu, Lamu"

Inawezekana kujaribu, ndio. Mtu akituma hela kwa kukosea anapeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, na hela zikiwa bado zimo kwenye laini yako zinaweza kushikiliwa. Njia hiyo iliwekwa kwa watu walokosea kweli, sasa kuna wanaoitumia kuiba. Ukiona ujumbe wa namna hiyo piga Safaricom 100 saa hiyo hiyo, usingoje kesho, ueleze ni malipo ya biashara, na uwe na chati tayari ya mteja akiagiza na jina lile lile la M-Pesa. Mpigie na boda kama hajafika arudi na mzigo.

Biashara ikishakua usipokee kwenye laini yako ya nyumbani, chukua Till ama Pochi la Biashara, yani njia za M-Pesa za kupokelea hela za biashara, hela za watoto na za viatu zisichanganyike. Na ujumbe wa malipo usiusome kwenye simu ya mteja wala skrinshoti yake. Ujumbe wa kweli kwako unaingia kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida, ukiwa na shaka piga *334# utazame salio lako. Viatu havitoki mpaka salio limeongezeka.

"Mie ni mnunuzi, niko Langoni Lamu. Nililipa 1,800 raba za mtumba, zikaja moja 40 nyingine 41. Muuzaji kanibloki. Nipeleke 456? – Mama watoto"

Hapana mamangu, 456 ni ya namba ilokosewa, na wewe hukukosea namba, ukisema hivyo utakuwa umesema uongo na kesi yako nzuri utaiharibu. Usifute chati wala ule ujumbe wa M-Pesa, mle mna jina alilosajili laini. Risiti ya parseli nayo iweke, inaonyesha nani katuma na siku gani. Piga picha nyayo za raba zote mbili namba zikionekana, kwenye picha moja, karatasi ya parseli ikiwa pembeni.

Kisha mtumie ujumbe mmoja kwa namba nyingine, wa heshima, umwambie ni raba gani, hela ngapi, na unampa siku saba. Mmoja tu, usimtukane na usimpigie mkewe. Inawezekana kabisa ile jozi nyingine yenye 41 na 40 anayo yeye dukani ama kampa mteja mwingine anayelalamika kama wewe, viatu vya mtumba huchanganyika hivyo vinapofungwa, mwambie hilo manake linampa njia ya kutoka bila aibu. Akikaa kimya siku saba zikapita, kama unajua anapokaa nenda kwa mzee wa mtaa ama chifu wa kwao, wengi hulipa hapo. Na ikishindikana kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliwekwa na sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiozidi shilingi 1,000,000, kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60 na huhitaji wakili, unajisemea mwenyewe. Kwa 1,800 huenda usifike huko, lakini kwenye ule ujumbe wako wa siku saba itaje.