Magimbi ya kiwanja namba 241

Juzi Jumanne dogo mmoja hapa ofisini kaniletea mkataba wa mauziano ya kiwanja, kurasa saba, umepangwa vizuri, mpaka muhuri umekaa sawasawa. Nikamuuliza, ulifika saiti? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Hapana dada, ila sachi imerudi safi," yani ule upekuzi wa rejesta kwa Msajili wa Hati. Nikavua miwani. Sentensi hiyohiyo niliisema mimi, kwa sauti hiyohiyo, mwaka wangu wa pili wa uwakili, na kuna mama mmoja hanisahaulishi mpaka leo.

Kwa hiyo wasomi wenzangu mliotoka juzi Shule ya Sheria pale Sam Nujoma, mihuri bado inanukia dukani, hebu kaeni. Mkianza kushika mafaili ya viwanja mtaulizwa maswali yaleyale na kila mteja, na kwa vile ni yaleyale mtayajibu huku mnachati.

1. "Wakili, si twende tu serikali ya mtaa tumalize?"

Kama eneo halijapimwa, mtaani utapita tu, na mjumbe muheshimuni maana yeye ndo anajua muuzaji kagombana na jirani gani na mpaka uliishia wapi kabla ya ugomvi. Ila kama kuna hati, muhuri wa mtaa hauhamishi kitu, kazi ni fomu 29 ya taarifa, 30 ya kuomba kibali na 35 ya uhamisho wenyewe, kibali kitoke, halafu Msajili wa Hati, mnajua wenyewe. Ile 10% ya mwenyekiti mi mpaka leo sijaonyeshwa kifungu chake, niliwahi kuomba nionyeshwe nikaagiziwa soda.

2. "Si tutumie wewe mmoja, mimi na muuzaji, tupunguze gharama?"

Hapana. Ukikubali unakuwa mshenga wa pande zote mbili na siku ya ugomvi wote wanakuona wewe ndo mwizi. Kama umeshabanwa na bosi anataka hela iingie, andika kwenye mkataba wewe ni wakili wa nani, na yule mwingine mwambie mdomoni, siyo kwa aya ya mwisho aliyosainishwa akiwahi daladala.

3. "Kodi analipa nani, na hatuwezi kuandika bei ndogo?"

Stempu 1% kwa kawaida ni mnunuzi, ile 10% ya faida ni muuzaji, na deni la pango la ardhi ulizieni kabla siyo baada, maana kuna watu hawajalipa tangu wapewe barua ya toleo. Bei ndogo sasa. Watakuja wote wawili wanacheka, wanakukonyeza, "wakili andika milioni kumi tu hapo". Kwanza ripoti ya uthamini inapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na yeye kiwanja cha Mbezi anajua kinauzwaje. Pili, na hii ndo muwaambie, dili likivunjika mnunuzi atasimama kudai milioni arobaini akiwa ameshika karatasi ya milioni kumi uliyoandika wewe. Wakisikia hiyo huwa wanaacha kukonyeza.

4. "Mwanangu, umeshaangalia kila kitu? Nilipe?"

Hili ndilo lililoniua.

Mteja alikuwa mama wa vitenge Kariakoo, hela ya upatu na ya kujibana miaka mingi, milioni thelathini na mbili. Dalali alimpeleka Jumapili upande wa Kinyerezi akamuonyesha kiwanja kwenye mwinuko, barabara ya kifusi inafika, na kwenye kona kuna mwembe. Mama alipenda ule mwembe kuliko kiwanja chenyewe, alikuwa ananihadithia atakavyoweka benchi chini yake. Mimi nikaletewa hati, Kiwanja Na. 241, Kitalu D. Nikafanya kazi, jamani, sitanii, nilifanya kazi. Hati halisi niliishika kwa mikono yangu, sachi nikapeleka ikarudi haina rehani wala zuio, mke wa muuzaji akaja akasaini ridhaa mbele yangu, picha zikabandikwa, dole gumba likawekwa, nikajiona mimi ndo mimi. Mama akaniuliza lile swali. Nikamwambia lipa mama.

Ilichukua miezi minne hati kutoka kwa jina lake. Nilimkabidhi kwenye bahasha ya kaki na akapiga kigelegele hapohapo ofisini mpaka watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuangalia.

Kama wiki tatu baadae simu inaita asubuhi. Ni yeye, anaongea polepole kama mtu anayebeba maji asimwage. "Mwanangu, niko saiti, nimeshusha mchanga tripu mbili. Kuna baba hapa ana hati ya mwembe wangu."

Ya yule baba ilikuwa 214.

Nikaenda na mpima, safari hii ndo nampata mpima. Akafungua ramani ya upimaji, akawasha kifaa chake, akaanza kutembea na sisi nyuma. Akaupita mwembe. Akapita nyumba ya pili, ya tatu, njia ikaanza kushuka, tukaacha nyumba, tukaingia matete, mama viatu kashika mkononi, hakuna anayeongea. Mpima akasimama maji yamefika nusu ya buti, akachokonoa chini na panga kutafuta jiwe la mpaka, ikasikika kok. "Bikoni ya kwanza hii hapa dada. Zile tatu nadhani ziko ndani zaidi."

Muuzaji nilimfuata nikiwa nimepandisha. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Wakili, mi nimeuza 241. Hati inasema 241. Mkataba ulioandika wewe unasema 241. Aliyewaonyesha 214 siyo mimi." Dalali simu yake ilikuwa haipatikani na mpaka leo haipatikani. Nikarudi ofisini kuusoma mkataba wangu kutafuta pa kushikia, nikakuta ibara ya tano: mnunuzi amekikagua kiwanja, amejiridhisha na mipaka yake. Niliandika mimi. Yani hata kuandika sikuandika, niliikopi kutoka kwenye sampo ya ofisi na jina la mteja wa zamani lilikuwa limebaki sehemu moja.

Nilimrudishia mama ada yangu yote na mpima nikamlipa mimi, ikawa ni kama kumpa mtu aliyeunguliwa nyumba kiberiti kipya. Kiwanja ni chake kihalali kabisa, hakuna atakayemnyang'anya, sachi hata leo ukifanya inarudi safi. Kapanda magimbi. Yanastawi balaa kwa yale maji, na kila Ramadhani ananiletea kapu la futari mpaka nyumbani, anamwambia mume wangu "haya ni ya kile kiwanja alichonitafutia wakili". Hasemi kwa ubaya. Ndo maana siwezi kuyala.

Sampo siyo dhambi, dhambi ni kuandika "amekagua" kabla hujamuuliza mteja alikagua nini, na nani alisimama pale akamwambia bikoni ndo hii. Mpima wa nusu siku hafiki hata robo ya ada yako.

5. Mengine nayataja tu nina watu wananisubiri nje.

Sachi ya mwezi uliopita ni gazeti la jana, fanya nyingine siku hela inatoka. Mirathi: muuzaji akiwa msimamizi na hati bado ina jina la marehemu, ahamishe kwanza kwenda kwake kama msimamizi, na warithi wote waje, hasa yule wanayesema "huyo hana neno". Hesabu miaka iliyobaki kwenye hati, siyo zote ni za 99, kuna za 33.

Ridhaa ya mwenza, kwa nyumba wanayoishi familia, tangu Sheria ya Ndoa ya 1971 siyo hiari, na msitosheke na saini. Mi huwa napiga stori. Kuna baba alileta "mke", dada kajistiri vizuri, mpole, nikawauliza mtoto wenu wa mwisho anaitwa nani. Wakajibu kwa pamoja, majina mawili tofauti. Baba akasema ni mapacha. Nikauliza tena, pacha wa kulwa yuko darasa la ngapi, dada akachukua pochi yake akaondoka bila hata kuaga.

Haya. Dogo wa Jumanne, faili lako liko mezani kwangu, sijasaini. Mpima nimeshampigia na mteja nimemwambia aje, kesho saa moja asubuhi tunakutana kituoni, na usije na vile viatu vyako vya mahakamani.