Mbuzi 12 badala ya 2

Dada aliyefungua uzi ameuliza kama kuna vichekesho vya mapenzi vinavyosema kweli juu ya mwanamume na mwanamke walioanza kama marafiki, mpaka wenyewe wasijue tena wako wapi. Mmemtajia filamu kumi kumi. Mimi nina mbili tu, na nitachelewa kuzifikia, kwa sababu mambo haya yalinikuta hapa hapa Lubumbashi, Kongo, nimekaa mbele ya kompyuta.

Nina kibanda cha fotokopi, si mbali na chuo. Kompyuta moja, printa moja, jenereta ndogo yenye kelele kubwa. Rafiki yangu wa tangu sekondari alikuwa akipita karibu kila jioni na michopo, nyama ya kuchoma, imefungwa kwenye karatasi, pilipili pembeni, tunakula tukingoja umeme urudi. Miaka sita hivyo. Majirani walikuwa wameshatuozesha zamani. Aliyehangaika ni mama yangu. Kiswahili kinakusitiri: ukisema "rafiki yangu" hakuna anayejua ni wa kiume au wa kike, wa kucheka naye au wa kuoa. Kifaransa hakina huruma hiyo. Siku niliyojisahau nikasema "copine", yaani rafiki wa kike au mpenzi, mama aliacha kumega bukari, ugali wetu, akaniuliza mahari nimeshaweka kiasi gani.

Nikamwambia hatuko hivyo. Na kweli hatukuwa hivyo. Nadhani.

Jioni moja ya Julai, baridi yetu ile ya kufanya kazi umevaa koti, akaja bila michopo. Ameshika karatasi ya daftari. Mchumba wake, kijana wa Kolwezi, mji mwingine wa migodi, fundi wa mitambo ya mgodini, alikuwa anakuja na wazee wake, na familia ilitaka orodha ya mahari ichapwe vizuri, si kwa mwandiko wa mjomba. "Yaya, nisaidie," akasema. Miaka yote hiyo alikuwa akiniita kwa jina. Siku ile ndiyo nimekuwa yaya, kaka mkubwa.

Nikachapa. Suti ya baba, na viatu vyake, namba 43. Vitenge vya mama. Blanketi ya bibi. Kofia ya mjomba, nadhani mjomba aliiongeza mwenyewe. Mfuko wa chumvi. Mbuzi. Yeye amesimama nyuma yangu anasoma kwa sauti, na mimi naona kwa mara ya kwanza kwamba huyu mtu ataenda kukaa Kolwezi. Nikatoa nakala tatu. Alitaka kulipa, nikakataa.

Siku ya tatu simu ikalia. Msemaji wa upande wa kijana amempigia mjomba kwa hasira: "Mbuzi kumi na mbili? Banataka kufungua ferme?" Yaani wanataka kufungua shamba la mifugo? Kwenye karatasi ya daftari walikuwa wawili. Baba wa rafiki yangu, nilikuja kuambiwa, aliliona kosa mapema akanyamaza, labda bahati.

Nikasema kidole kimeteleza, 1 na 2 ni majirani. Ni kweli ni majirani. Lakini anayetumia kibodi ya Kifaransa anajua kwamba namba zile za juu hazitoki mpaka mkono wa pili ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Yaani mikono yote miwili ilikuwepo. Nilichapa upya, nikaipeleka mwenyewe kwa mguu, nikaomba radhi mbele ya shangazi zake wote, na shangazi mmoja alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Sasa filamu. Ya kwanza ni My Best Friend's Wedding ya 1997, sisi tuliipata kwenye DVD ikisema Kifaransa, Le Mariage de mon meilleur ami. Julia Roberts ni mwandishi wa habari za mapishi. Rafiki yake wa kiume anampigia simu kumwambia anaoa, harusi ni Chicago, na hapo hapo Julia anagundua anampenda. Anapanda ndege kwenda kuharibu. Kuna mahali anakaa kwenye kompyuta ya baba wa bibi harusi, anaandika barua pepe ya kumchongea rafiki yake kazini kwake, halafu moyo unamrudi, haitumi. Anaiacha humo. Na barua inatumwa. Watu niliokuwa nao walicheka, mimi nikaenda kuangalia jenereta.

Ninachoipendea filamu hii ni yule bibi harusi. Vichekesho vingi humfanya mpinzani awe mtu mbaya ili sisi watazamaji tusiumie akiachwa. Huyu ni mtu mzuri, ana hofu zake, na harusi inafungwa bila mtu kuizuia. Kijana wa Kolwezi naye hana kasoro niliyoweza kuipata, na nilitafuta.

Ya pili mnaijua: When Harry Met Sally, 1989, Nora Ephron ameandika, Rob Reiner ameongoza. Wanakutana 1977 kwenye gari kutoka Chicago kwenda New York, hawapatani, miaka inapita, wanakuwa marafiki kabisa. Tazameni wakiwa kitandani ule usiku mmoja, mara tu baada ya kulala pamoja: mwanamke anatabasamu, mwanamume macho wazi, anatafuta mlango. Hapo ndipo ukweli wote ulipo, kabla hawajasema neno. Mwisho wake wa kukiri mapenzi usiku wa mwaka mpya siuamini sana. Nao wenyewe mwanzoni walipanga wawili hawa waachane. Reiner alikuwa ameachika; katikati ya kutengeneza filamu akakutana na Michele Singer, aliyekuja kuwa mkewe, na mwisho ukabadilika. Simlaumu. Mtu aliyependa juzi utamwambia nini.

Kwa ndugu aliyeandika juu pale "mwambie tu mapema": ningemwambia nini mapema? Nilijua nilipofika kwenye mbuzi.

Walioana, wana mtoto wa kike. Akija mjini kuona wazazi hupita kibandani kutoa nakala za karatasi za mtoto. Mumewe huniita Douze, kumi na mbili kwa Kifaransa, na hucheka mwenyewe. Rafiki yangu hajawahi kuniuliza kama kidole kiliteleza. Ila kila nikimpa karatasi, huisoma mara mbili, mstari kwa mstari, kabla ya kufungua pochi.