Ukisafiri na tabla, mfuate mwenye mwanzi

Usiku mmoja wa Januari, katika mji wa kaskazini mwa Uingereza, niliamshwa na mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjika. Nikawasha taa. Tabla ni ngoma mbili za Kihindi; ile yangu ya kulia, ndogo ya mti iitwayo dayani, nilikuwa nimeiweka chini ya dirisha, hatua moja tu kutoka kwenye hita ya ukutani. Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi kwenye doa jeusi la katikati. Onyesho lilikuwa jioni ya siku hiyo hiyo, saa moja, na dada ninayepiga naye, mwenye bansuri, filimbi ya mwanzi ya Kihindi, alikuwa amelala chumba cha pili bila habari kuwa mwenzake hana ngoma.

Kila mwaka huniandikia vijana wawili watatu kutoka Mombasa, Zanzibar au Nairobi. Wameshika tabla au bansuri, wamepata mwaliko wa kwanza wa kwenda kupiga Ulaya au Marekani, na wanauliza wajiandae vipi. Wengi huuliza kuhusu mazoezi. Mazoezi wanayo tayari. Mimi huwaambia habari ya hewa.

Nilizaliwa Mombasa, na tabla niliisikia kabla sijajua ilikotoka. Katika taarab yetu, hasa ile ya mahadhi ya Kihindi aliyoivumisha marehemu Juma Bhalo, tabla ilikuwa ya nyumbani kama udi na marashi. Nilipohamia Leicester nilikuta mji uliopokea Wahindi wengi wa Kenya na Uganda, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwalimu wangu wa kwanza huko alikuwa mzee wa Kigujarati aliyekulia Kampala. Mapigo 16 ya tintali, mzunguko wa mapigo ya Kihindi, alinihesabia kwa Kiswahili: nne, nne, nne, nne, na kundi la tatu mkono unapunga hewani bila kupiga kofi. Yeye ndiye aliyenipa neno ninalolibeba mpaka leo: "Mwanangu, mwenye mwanzi hana mahali pa kukaza. Wewe unapo. Kwa hiyo mfuate."

Maana yake iko hivi. Aliyekulia kwenye ngoma anajua kwamba ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na ukiipasha moto hukaza na sauti ikapanda. Tabla ni hivyo hivyo: hewa kavu huipandisha, hewa ya unyevu huishusha. Bansuri ina mambo yake. Hewa iliyo ndani ya mwanzi ikipoa, sauti husafiri polepole zaidi na noti hushuka. Ikipata joto, noti hupanda. Tofauti ya nyuzi 10 za sentigredi inaweza kuisogeza filimbi karibu theluthi ya nusu toni, na hilo halihitaji sikio la mwanamuziki kulisikia. Sasa weka ala hizi mbili katika ukumbi wa Ulaya wakati wa baridi. Mwanzi umetoka kwenye gari, umepoa, uko chini. Hita imekausha hewa yote chumbani, na tabla iko juu. Kila moja imeshika njia yake, na anayeweza kurudi nyuma ni mmoja tu: wewe mwenye nyundo, unayeweza kugonga pete ya ngozi na kusogeza vile vipande vya mti vilivyochomekwa chini ya kamba.

Bansuri ya jukwaani, kama tunavyoijua leo, ni kazi ya mpulizaji wa Kihindi Pannalal Ghosh, aliyefariki mwaka 1960. Aliurefusha mwanzi ili uweze kubeba raga nzima, yaani mpangilio wa noti ambao muziki wa Kihindi hujengwa juu yake. Mwanzi uliozoeleka sasa una Sa, yaani noti ya msingi, kwenye noti ya Kizungu E, na urefu wake ni karibu inchi 30. Ni hewa nyingi ya kupashwa. Mpulizaji aliyetulia huupuliza pole pole nyuma ya jukwaa kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kutoka, na mpiga tabla mwenye akili halinganishi sauti yake mpaka hapo. Ukilinganisha na mwanzi baridi, umelinganisha na kitu ambacho baada ya robo saa hakitakuwepo.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenzako, wiki kadhaa kabla ya safari, ni mianzi ipi anaibeba. Raga na malipo mtayazungumza baadaye. Akikwambia E, beba dayani ya E yenye uso mdogo, wa takriban inchi 5 na robo, na nyingine ya akiba. Mimi siku ile sikuwa na ya akiba. Nilikuwa nimeiacha nyumbani ili nisilipie mzigo wa ziada, na kosa lile nalijutia hadi leo.

Kulipokucha tulikwenda gurdwara, hekalu la Masingasinga. Tabla hupigwa mle karibu kila siku kwa nyimbo za ibada, kwa hiyo mji wenye gurdwara ni mji wenye tabla. Hatukumjua mtu. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukalishwa dengu na chapati kabla hata hatujasema shida yetu, kisha mzee mmoja akatuletea dayani yake. Ilikuwa pana, yenye sauti ya chini. Kuivuta mpaka E kungeipasua kama yangu. Mwenzangu aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akafungua mfuko wake na kutoa mwanzi mrefu zaidi, wenye Sa ya D. Akaniambia, "Leo nitakufuata mimi." Alibadilisha programu nzima kwa ajili ya ngoma ya kuazima. Msanii wa namna hiyo ukimpata, mshike.

Tangu siku ile nikifika mji mgeni naitafuta gurdwara kwenye ramani kabla ya hoteli. Na tabla zangu hulala mbali na hita, ndani ya mifuko yake, zimefunikwa taulo nzito.

Kuna jambo lingine ambalo mazoezi ya nyumbani hayakufundishi. Onyesho huanza na alapu: mwanzi peke yake na mvumo wa tambura, ala ya nyuzi inayoshikilia Sa, bila mapigo, ukiifungua raga noti moja moja. Inaweza kuchukua dakika 20, inaweza kufika 40. Muda wote huo umekaa jukwaani, mikono mapajani, taa kali zinakuangazia, na ngozi inapanda. Kugonga nyundo huwezi, utauvunja ukimya wa mwenzako. Mimi hufunika tabla kwa kitambaa cha pamba na kuifuata Sa yake kimoyomoyo, ili alapu ikiisha nijue nimepotea kiasi gani kabla sijaigusa ngozi. Halafu nagonga, mbele ya watu wote, bila haraka wala aibu. Huko India watu hungoja kwa utulivu, wanajua hiyo nayo ni sehemu ya muziki. Ugenini wengine hawajui. Mwaka 1971, Madison Square Garden mjini New York, mpiga sitar Ravi Shankar na wenzake walipomaliza kulinganisha ala zao, watu walipiga makofi wakidhani ni wimbo wa kwanza. Aliwashukuru kwa upole, akasema anatumaini watayapenda zaidi yatakayofuata. Fanya vivyo hivyo. Waeleze kwa sentensi mbili unachofanya, na usikubali mtayarishaji akukate dakika zako tano za kulinganisha ili kuokoa muda. Kama lazima kitu kipunguzwe, punguzeni kipande cha mwisho.

Makanisa ya Ulaya hukodishwa sana kwa muziki huu, nami nayapenda, lakini mwangwi wake ni mrefu. Mwanzi unanawiri humo. Tabla inazama: mapigo ya kasi yanapandana na kuwa ngurumo moja. Ukikutana na kanisa la mawe, mwombe mwenzako arefushe alapu, mbaki kwenye mwendo wa wastani, na mbwembwe za kasi uziweke akiba. Fundi mitambo mweleze kwa adabu mambo mawili tu. Maikrofoni ya bansuri isikae mbele ya pumzi, ikae juu kidogo ya tundu la kupulizia. Na tabla ya kushoto isiongezwe besi, maana anayeizoea besi ya klabu ataifanya ikufunike hata wewe. Spika yako ya jukwaani itoe mwanzi na tambura kwanza. Wewe mwenyewe unajisikia.

Upande wa makaratasi nitapita haraka. Nyundo iende kwenye sanduku la chini la ndege, kamwe isiwe mkononi. Poda ya mikono beba kopo dogo. Safari za Marekani, poda inayozidi mililita 350 kwenye mzigo wa mkononi hukusimamisha kwenye ukaguzi. Mti wa shishamu, unaotengenezewa dayani, uliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017, lakini tangu mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa. Ukienda Australia au New Zealand, tangaza kila kitu: ngozi, mwanzi na mti. Marekani wana viza ya P-3 kwa wasanii wa sanaa za utamaduni maalumu, na kwa kawaida asilimia 30 ya malipo ya msanii mgeni hukatwa kodi papo hapo. Muulize anayekualika kama kiasi alichokutajia ni kabla au baada ya kukatwa, na jibu liwe kwenye mkataba.

Nimeliacha mwisho lile linalowaumiza zaidi vijana wetu, nalo ni ukimya. Sisi tumelelewa na taarab. Msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, anakuja na pesa yake mkononi, anakutunza. Wahindi nao huguna, hutikisa kichwa, husema "wah!" pigo linapoangukia samu, mwanzo wa mzunguko. Ulaya watu wanakaa kama wako msibani mpaka mwisho. Mara ya kwanza nilidhani wamechoka, nikaanza kuharakisha, nikamkimbiza mwenzangu mpaka pumzi zikamwishia. Baada ya onyesho mama mmoja mtu mzima alinishika mikono yote miwili, machozi yakimtiririka, akashindwa kusema. Alikuwa anasikia wakati wote ule. Usiongeze kasi kwa sababu ya ukimya.

Na uangalie jua. Kwetu Pwani magharibi haisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo raga ya jioni na saa ya ukutani hazigombani. Leicester, mwezi wa Juni, jua huzama saa tatu na nusu usiku. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwenzangu haiwezi Yaman, raga ya usiku ukianza, huku mwanga mweupe unamwagika madirishani. Anasema mwanzi unakataa. Siku hizi maonyesho ya kiangazi tunaomba yaanze saa mbili na nusu. Watayarishaji hulalamika kuhusu mabasi ya mwisho, tunajadiliana, na mara nyingi tunakubaliana. Anaanza alapu mwanga ukififia. Mimi nimekaa, kitambaa juu ya ngozi, natazama kioo cha dirisha kikigeuka samawati, kisha cheusi, naye anafika kwenye Sa ya juu na kuishikilia. Hapo ndipo huondoa kitambaa.